Mchezo Uliovaa Nguo za Khabari



Kuwa uwongo ni haramu, hilo hapana Muislamu asiyelijua. Na kuwa hadithi ya sungura na fisi si katika uwongo uliokatazwa, hilo nalo halina shida, kwani hapana mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwake kwenda kumtafuta sungura yule amuulize kama kweli alimfanyia fisi vitimbi vile. Lakini baina ya mambo haya mawili liko la tatu, na hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo. Ni kisa cha kutungwa kinachosomwa kwa sauti ya taarifa ya khabari, hata msikilizaji akakishika kuwa ni jambo lililotokea. Je, aliyekitunga amesema uwongo? Na akiwa alikusudia kheri, je, kheri hiyo yamtoa katika lawama?

Suala hili limeletwa katika darasa letu na vijana wenye nia njema. Darasa hili liko Komarock, na kwa ndugu zetu wa Pwani wasioujua mtaa huu, ni katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, jirani na Kayole. Watu wake wametoka kila pembe ya Kenya, na sisi Waislamu ni wachache kati yao. Vijana hao wameona jinsi watu walivyoghafilika na Akhera, wakataka kutunga mchezo wa sauti. Muziki uwe unapigwa, kisha ukatwe ghafula. Mtangazaji aingie kwa haraka asome kuwa jua limechomoza upande wa magharibi. Mwengine aripoti kutoka mjini jinsi watu wanavyolia mabarabarani. Sauti hiyo isambazwe kwa simu, wala isisemwe mwanzoni kuwa ni mchezo, ili watu waingiwe na khofu na warejee kwa Mola wao. Mwisho wake ndipo aseme mtangazaji kuwa huo ni mfano tu. Wakauliza: yafaa?

Jawabu letu ni kuwa haifai. Lakini haitoshi kumwambia kijana "haifai" na kumwacha hapo bila ya hoja. Basi na tuitazame khabari ya waliokwisha kufanya kama hivyo kabla yetu, tuone ilikuwaje.

Kisa kilicho mashuhuri kuliko vyote ni cha Marekani. Usiku wa Jumapili, 30 Oktoba 1938, kituo cha redio cha CBS kilitoa mchezo ulioongozwa na kijana wa miaka 23, jina lake Orson Welles. Mchezo ulitolewa katika kitabu cha Mwingereza H. G. Wells kilichochapwa mwaka 1898, kinachosimulia viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Welles na wenzake waliugeuza ukawa kama khabari zinazoingia dakika hiyo hiyo. Muziki ulikuwa ukipigwa, ukakatwa, ikasomwa taarifa. Muziki ukarudi, ukakatwa tena. Ikatajwa pahala panapojulikana, Grover's Mill katika jimbo la New Jersey, kuwa ndipo viumbe hao waliposhukia. Mwanzo wa mchezo ilisemwa kuwa ni mchezo, na ikasemwa tena katikati na mwisho. Lakini walikuwako watu waliofungua redio zao baadaye, wakakuta mtangazaji anahema na watu wanapiga makelele, nao wasijue kilichotangulia. Katika hao wako walioamini na kufazaika.

Wala huyo hakuwa wa kwanza. Tarehe 16 Januari 1926 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, alisoma katika redio ya BBC kipindi cha mzaha chenye sura ya khabari, akaeleza kuwa watu wasio na kazi wamefanya ghasia London, wameiangusha saa kubwa ya Bunge, na wamemtundika waziri. Wasikilizaji wengi hawakufahamu kuwa ni mzaha, na kwa sababu ya theluji magazeti yalichelewa kuwafikia watu wa mashamba, wakabaki na wasiwasi wao. Mwenye kufanya hayo alikuwa mtu wa dini. Basi asidhani mtu kuwa elimu ya dini peke yake yamkinga mwenye nayo na jambo hili.

Na kisa cha tatu ndicho kibaya zaidi. Mnamo 12 Februari 1949, katika mji wa Quito, nchi ya Ekuador, redio ya mji huo iliucheza mchezo ule ule wa viumbe wa Mirihi kwa lugha ya Kispania. Watu walitoka majumbani. Walipokuja kujua kuwa wamechezewa, khofu yao iligeuka ghadhabu. Waliliendea jengo la gazeti la El Comercio, ambamo redio hiyo ilikuwamo, wakalitia moto, na watu kadhaa wakafa. Hawakuuliwa na viumbe wa Mirihi. Waliuliwa na khasira za watu waliotishwa na kudanganywa.

Sasa watunzi wa michezo hii wana hoja moja, nayo ni hii: "Sisi tulisema mwanzoni kuwa ni mchezo. Aliyechelewa kusikia ni shauri yake." Hoja hii yafaa ipimwe kwa mizani ya haki, kwani ina sura ya ukweli.

Twasema hivi. Kila ajuaye mambo ya biashara katika Sharia ajua kuwa mauzo hayatimii ila kwa ijabu na kabuli: muuzaji atoe, mnunuzi akubali. Na hadithi nayo ina ijabu na kabuli yake, na wazee wetu waliijua vyema kabla ya redio kuja. Bibi alipotaka kuwahadithia wajukuu hakuanza kusema tu. Alisema "Paukwa!" akangoja. Watoto wasipoitika "Pakawa!" hapakuwa na hadithi usiku ule. Kwa kuitika kwao watoto walikuwa wamekubali kuwa yatakayofuata si khabari ya jirani wala ya mji, bali ni hadithi, na uwongo wake wameuita wao wenyewe uje. Vivyo hivyo katika vitabu. Asomaye Kalila wa Dimna akikuta ng'ombe anasema na simba amekwisha kujua mlango alioingilia. Mtungaji hakumficha kitu. Ndiyo maana wanavyuoni hawakumwita mtungaji wa mifano kama hiyo kuwa ni mwongo.

Ama huyu aliyeufungua mlango wa redio katikati ya mchezo, kabuli yake i wapi? Yeye hakuambiwa "Paukwa" wala hakuitika. Alilolisikia ni sauti ya khabari, na sauti ya khabari ina ijabu yake nyengine: humwambia mtu, "Haya yametokea, niamini." Mtunzi aliyeiazima sauti hiyo ameyaazima na maneno hayo, ijapokuwa hakuyatamka kwa ulimi.

Na tukumbuke kisa kilichopokewa na Imam Muslim cha mwenye kuuza nafaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, yule mtu akasema kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume hakumwambia kuwa kuuza nafaka iliyorowa ni haramu. Alimuuliza mbona hakuiweka juu watu wakaiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Basi lililotakiwa ni kuwa aibu ya bidhaa iwe juu, mahali ambapo kila ajaye ataiona, ajapo asubuhi au ajapo jioni. Na mchezo wa redio ni rundo ambalo watu hulijia kila dakika. Tangazo la mwanzo ni kwa aliyekuja mwanzo tu. Aliyekuja baadaye amekuta nafaka kavu juu, na maji yako chini.

Tena sauti ya khabari si mali ya mtunzi. Imani walio nayo watu juu ya sauti hiyo imejengwa na watangazaji wengine kwa miaka mingi ya kusema kweli. Sisi watu wa Kenya tunao mfano wetu wenyewe. Alfajiri ya Jumapili, 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walioasi walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakampeleka Sauti ya Kenya, wakamlazimisha kwa bunduki atangaze kuwa serikali imepinduliwa. Walikuwa na silaha, na redio ilikuwa mikononi mwao. Kwa nini hawakutangaza wao wenyewe? Kwa sababu walijua kuwa watu hawataamini sauti wasiyoijua kama watakavyoiamini sauti ya Mbotela. Siku ile ile askari watiifu wakakirudisha kituo, na sauti ya Mbotela ikawaambia watu kuwa serikali ingaliko. Yeye hana lawama, kwani mwenye kulazimishwa ana udhuru katika Sharia. Lakini mtunzi wa mchezo, ni nani aliyemwekea bunduki shingoni?

Hapa vijana wetu watasema: "Sheikh, hao walitaka kuchekesha au kujipatia sifa, ama sisi twataka watu watubie. Na matendo huhukumiwa kwa nia." Ni kweli kuwa matendo huhukumiwa kwa nia. Lakini nia njema hairuhusu kila njia. Mtu hawezi kuiba akatoa sadaka akasema nia yangu njema.

Na hapa Nairobi lilipita jambo ambalo lafaa litufunze. Jumatatu, 30 Novemba 2015, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, kulifanywa zoezi la usalama: iigizwe kana kwamba chuo kimeshambuliwa, ili ionekane watu watajiokoa vipi. Nia ilikuwa kuhifadhi roho za watu; nani atasema nia hiyo ni mbaya? Lakini wengi waliosikia milio ya risasi hawakujua kuwa ni zoezi. Walikimbia, wengine wakaruka kutoka madirishani ghorofani. Wengi waliumia, na mwanamke mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa chuo akafa. Chuo kiliomba radhi na kuwashughulikia majeruhi. Lakini radhi haimrudishi aliyekufa.

Wala asiwacheke mtu wale walioruka. Mwaka ule ule, tarehe 2 Aprili, watu 148 walikuwa wameuliwa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, alfajiri ya 12 Aprili, umeme ulilipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani ni shambulio, wakakanyagana na kuruka, mmoja akafa na zaidi ya mia wakaumia. Huko hapakuwa na mtu aliyeigiza kitu. Ulikuwa ni umeme tu, na khofu iliyokwisha kukaa nyoyoni. Na Marekani ya 1938 ilikuwa hivyo hivyo. Mwezi mmoja kabla ya mchezo ule dunia ilikuwa imeshika roho ikidhani vita vya Ulaya vyaanza, na miongoni mwa waliofazaika usiku ule walikuwako waliodhani kuwa ni Wajerumani wanaoshambulia. Mwenye kutupa kijinga cha moto penye makuti makavu hawezi kusema kuwa kosa ni la makuti.

Na katika hadithi alizopokea Abu Daud imo ya masahaba waliokuwa safarini pamoja na Mtume. Mmoja wao alilala, na mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, yule aliyelala akazindukana na kufazaika. Mtume akawabainishia kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Mzaha wa kamba moja, baina ya ndugu, uliokwisha kwa muda mchache. Hata huo haukupita bila ya kukatazwa. Basi itakuwaje kwa anayewatisha maelfu ambao hawaoni wala hawajui kama kati yao yuko mgonjwa wa moyo, au mwanamke mwenye mimba, au mzee aliye peke yake?

Huenda msomaji mjuzi akatupinga kwa kisa cha Nabii Daud, amani imshukie, katika Sura ya Sad. Waliomjia wagombanao, wakampandia ukuta, wakamweleza khabari ya kondoo tisini na tisa na kondoo mmoja. Na wako wafasiri waliosema kuwa hao walikuwa malaika na kesi yao ilikuwa ya mfano. Twamjibu kuwa kisa hicho ni hoja yetu. Qur'ani yaeleza kuwa Daud aliwaogopa, na la kwanza walilomwambia, kabla ya kuitaja kesi yao, ni kuwa asikhofu. Walianza kwa kuiondoa khofu, ndipo wakaleta mfano. Vijana wetu wataka kuleta mfano kwa kuitia khofu, na kuiondoa mwisho. Hiyo ni njia iliyogeuzwa chini juu.

Tena sisi watu wa mwambao huu tumekwisha kuonja matunda ya mawaidha ya uwongo. Nani asiyeujua ule waraka uitwao Wasia wa Sheikh Ahmad? Husema kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa msikiti wa Mtume huko Madina, amemuona Mtume usingizini, akaambiwa umati umepotea na Kiyama ki karibu. Atakayeunakili na kuusambaza atapata kadha, na atakayeupuuza atafikwa na msiba. Waraka huu si wa jana. Mwaka 1908 ulienea katika pwani ya Tanganyika, ilipokuwa chini ya Wajerumani, na Lindi ndiko ulikovuma zaidi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha punde tu. Waislamu waliupokea kwa khofu ya Kiyama, na Wajerumani wakaupokea kwa khofu ya uasi, wakaanza kuwatafuta wenye kuusambaza. Waraka mmoja usio na asili ukawafazaisha watawaliwa na watawala pamoja. Wanavyuoni wameukanusha mara nyingi, na Sheikh Abdulaziz bin Baz ameuandikia jawabu makhsusi; lakini hata leo, baada ya zaidi ya miaka mia, ungali ukiingia katika simu za watu.

Twauliza: waraka huo umeleta toba gani ya kudumu? Aliyetubia kwa kuogopa msiba wa kutonakili karatasi, siku ya saba alipoona hakufikwa na msiba alirudi alikokuwa. Na baya zaidi, alipojua kuwa ni uwongo, alianza kuitilia shaka na khabari ya kweli ya Kiyama. Ndivyo walivyofanya wale waliotunga hadithi za uwongo zamani wakidai kuwa wanawavuta watu kwenye ibada. Nuh bin Abi Maryam alitungia sura za Qur'ani fadhila zisizo na asili, akasema kuwa ameona watu wameiacha Qur'ani akataka kuwarejesha. Je, wanavyuoni wa hadithi walimshukuru? Walimwandika katika waongo. Qur'ani haikuhitaji uwongo wake, na kazi ya kuutoa uwongo huo vitabuni imewachosha wanavyuoni karne baada ya karne.

Na mchezo wa vijana wetu una kasoro nyengine, ambayo peke yake yatosha kuuvunja. Tumefundishwa kuwa jua likichomoza magharibi, mlango wa toba utakuwa umefungwa. Imani ya asiyeamini kabla ya hapo haitamfaa. Basi mtu akiuamini mchezo huu, ameamini nini? Ameamini kuwa toba haikubaliwi tena. Wataka aingie nyumbani, nawe wamwambia kuwa mlango umekwisha kufungwa! Ni nani ajuaye mtu huyo, katika dakika zile za kukata tamaa, atafanya nini na nafsi yake?

Hatusemi kuwa mchezo wa redio ni kitu kiovu. Radio Tanzania ilianza mwaka 1993 mchezo uitwao Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju, mtu wa kufuata matamanio yake hata akapatwa na UKIMWI. Kila aliyesikiliza alijua kuwa Mkwaju ametungwa, na watu walijifunza kutoka kwake mambo ambayo hotuba nyingi hazikuwafunza. Mfano uliotangazwa kuwa ni mfano haupungui nguvu. Basi vijana na watunge mchezo wao: mzee akiwa katika kitanda cha mauti anayekumbuka haki za watu alizozila, au mfanyabiashara aliyeahirisha toba mpaka mwaka ujao. Waseme mwanzo, katikati na mwisho kuwa ni mchezo, na katika karatasi na katika simu iandikwe hivyo juu yake, pale ambapo kila ajaye ataona.

Sasa tugeuke kwa msikilizaji, kwani yeye naye ana lake. Kosa la msemaji halimtoi msikilizaji katika wajibu wake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya al-Hujurat tuichunguze khabari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Sura ya an-Nisaa amewalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, badala ya kulirudisha kwa wanaoweza kulichungua. Na Mtume amebainisha, katika aliyoyapokea Muslim, kuwa yatosha mtu kuwa mwongo kwa kuhadithia kila asikialo. Hakusema kila alitungalo. Alisema kila asikialo.

Na Madina yenyewe ilipata usiku wake wa khabari ya uwongo. Sayyidna Umar ameeleza kuwa siku hizo watu walikuwa wakikhofu kuvamiwa na mfalme wa Ghassan. Usiku mmoja jirani yake alikuja akaugonga mlango kwa nguvu, akasema kuwa limetokea jambo kubwa. Umar akauliza kama Ghassan wamefika, kwani khofu hiyo ndiyo iliyokuwamo moyoni mwake tayari. Jirani akasema kuwa ni kubwa kuliko hilo: Mtume amewapa talaka wakeze. Asubuhi watu walikuwa wakilia msikitini. Umar alifanya nini? Hakulia pamoja na waliao wala hakumwendea jirani mwengine kumpasha khabari. Alimwendea Mtume mwenyewe, akaomba idhini mara baada ya mara mpaka akaruhusiwa, akamuuliza: je, umewapa talaka? Akajibiwa kuwa la. Ndipo akasimama mlangoni pa msikiti, akatangaza kwa sauti ya juu kuwa hawakupewa talaka. Alikwenda kwenye asili ya khabari, akauliza, akapata yakini, kisha akawatoa watu katika khofu.

Na wajibu huu ni wa anayecheka pia, si wa anayeogopa tu. Tumesimulia hapo juu kisa cha Marekani. Kisa hicho huelezwa mara nyingi hivi: mamilioni ya watu walitoka mbio mabarabarani, nchi nzima ikawa wazimu. Magazeti ya siku ya pili ndiyo yaliyoandika hivyo kwa herufi kubwa. Lakini waliokuja kuchunguza baadaye wamekuta kuwa mambo yalikuzwa mno: waliousikiliza mchezo ule walikuwa sehemu ndogo tu ya wenye redio, wengi wao walijua kuwa ni mchezo, na hakuna mauti yaliyothibiti. Magazeti yalikuwa yakishindana na redio katika kutafuta pesa za matangazo ya biashara, yakapendezwa kuonyesha kuwa redio ni kitu cha khatari. Basi kwa zaidi ya miaka themanini watu wamewacheka wapumbavu walioamini khabari bila ya kuichunguza, na hao wachekao wameiamini khabari ya kicheko hicho bila ya kuichunguza.

Ndugu zetu, jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wa mbali. Sivyo. Leo kila mtu ana redio mfukoni, ya kusikilizia na ya kutangazia. Ziko mashine zinazoweza kuiga sauti ya mtangazaji umjuaye, au ya sheikh umjuaye, hata mkewe asitambue. Na kipande cha mchezo hukatwa kichwa chake na mkia wake, likabaki tumbo tu, kikatumwa kutoka simu hadi simu. Katika mtaa kama Komarock, sauti moja ikisema usiku kuwa kuna shambulio, itakwenda mlango kwa mlango kabla ya adhana ya alfajiri. Na atakayetazamwa kwanza ni nani? Ni mwenye kofia na mwenye buibui. Tuliona mwezi wa Aprili 2014 hapa Nairobi jinsi maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walivyokamatwa katika msako, na wengine kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, ilhali walio wengi hawakuwa na kosa. Sisi tunaojua uchungu wa kudhaniwa vibaya ndio wa mwisho tuliostahiki kuwa watu wa kusambaza dhana.

Basi wasia wetu ni mambo matatu. Mwenye kutunga na aseme kuwa ametunga, aseme juu ya rundo, asifiche chini. Mwenye kusikia jambo la khofu na asilipitishe kwa mwengine mpaka alirudishe kwenye asili yake; na akikosa asili, ulimi wake na kidole chake vinyamaze, kwani kunyamaza hakujamtia mtu katika majuto ya al-Hujurat. Na mwenye kumuona mwenziwe amedanganyika na asimcheke, amwondolee khofu kama Umar alivyowaondolea watu wa Madina.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wasemao kweli na wanaoithibitisha kweli, na atukinge na uwongo wenye sura ya kheri. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.